Mgeni Njoo, Mwenyeji Atajirike

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam kabla ya onyesho la filamu ya Kihindi Hotel (1981)

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Nimepewa dakika ishirini kabla taa hazijazimwa, na nimeonywa nisiwaharibie hadithi. Nimeahidi, ingawa kwa picha za kutisha za akina Ramsay, ile familia ya Kihindi iliyotengeneza hii ya leo, onyo hilo halina kazi kubwa. Humu ukumbini wamo watu ambao stelingi hajashuka hata kwenye gari, wao wamekwisha kuhesabu nani atakufa, nani atapona, na mlinzi mzee anaficha nini. Kitakachotokea tunakijua. Tumekuja kuona kitatokeaje kwa pesa kidogo kiasi kile.

Mimi picha hizi nilizijua kwa deki, mashine ya kuchezea kanda za video. Miaka ya themanini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Sisi tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo mwenye deki mtaani alikuwa mwenye sinema. Tulikaa chini kwenye mkeka, mkanda umenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zimegeuka kijani, na kaka mmoja aliyedai kujua Kihindi akitutafsiria. Baadaye nilipojifunza maneno mawili matatu ya lugha hiyo nikagundua alikuwa akitunga. Lakini alitunga vizuri, na kila maiti ilipoinuka kaburini alisema neno lile lile: "Huyu anadai." Hakusema anatisha, wala anaua. Anadai. Karibu miaka arobaini nimelibeba neno hilo, na leo nataka kumtetea yule mtafsiri wa uongo.

Tuanzie Karachi. Fatehchand Ramsinghani alikuwa na duka la redio huko. Wateja Waingereza walishindwa kulitamka jina lake, wakalikata likawa Ramsay, na yeye akaliacha libaki. India ilipogawanywa mwaka 1947 akahamia Bombay, Mumbai ya leo, na familia yake, na redio zake. Kisha akaingia kwenye filamu: ya shujaa Bhagat Singh mwaka 1954, halafu Rustom Sohrab mwaka 1963, na mwaka 1970 Ek Nanhi Munni Ladki Thi. Hii ya mwisho ilianguka vibaya. Ila wanawe wawili, Tulsi na Shyam, walifanya jambo ambalo watengenezaji wengi wa filamu hawana moyo wa kulifanya: walikwenda kukaa ukumbini na watu waliokuwa wakiitazama picha yao ikifa. Wakaona kitu. Kuna mahali Prithviraj Kapoor, mzee mwenye heshima zake zote, anaingia kuiba jumba la makumbusho akiwa amevaa barakoa ya shetani, na risasi za polisi hazimpati. Hapo watu waliamka. Wapo waliokuwa wakija kwa ajili ya kipande hicho tu. Vijana wakarudi nyumbani wakamwambia baba: tutengeneze picha nzima iwe ya namna hiyo.

Ndugu walikuwa saba. Kumar aliandika, Gangu alishika kamera, Kiran sauti, Arjun akahariri, Keshu akaangalia mambo ya uzalishaji, Tulsi na Shyam wakaongoza. Kujifunza kwenyewe walijifunza Kashmir, ndani ya nyumba ya mashua, baba amewapa kitabu cha Mmarekani kuhusu upigaji picha za sinema wakisome mpaka kiwaingie. Kwenye kazi, mama yao na wake za ndugu waliingia jikoni kupikia waigizaji na mafundi wote. Mishahara ilizunguka ndani ya nyumba moja, na mliowahi kutengeneza filamu hapa mjini mnajua ninachokisema: wa kwanza kukuacha ukikwama ni yule ambaye mama yake si mama yako.

Picha ya kwanza ya mtindo huo, Do Gaz Zameen Ke Neeche, yaani yadi mbili chini ya ardhi, ilitoka mwaka 1972. Ilipigwa kwa siku 40 na kugharimu laki tatu na nusu za rupia. Neno laki lenyewe tumelipata kwao, pamoja na hundi na bima, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji mkalimani. Wakapanda milimani hadi Mahabaleshwar, wakapanga kwenye nyumba ya wageni, na papo hapo wakapiga picha.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu habari yote imo humu. Mtengeneza filamu tajiri hukodi studio, hukodi hoteli ya kulaza waigizaji, kisha hukodi magari ya kuwatoa hotelini kuwapeleka studio. Akina Ramsay walikodi kitu kimoja. Kitanda alichoamkia mwigizaji asubuhi ndicho anachonyongewa usiku. Jiko linalopika dengu za mafundi ndilo jiko ambamo mpishi mwenye jicho moja ananoa kisu. Korido ni ile ile. Wakihamisha taa na kugeuza zulia inakuwa korido ya ghorofa ya pili. Ukiwa mbali na mjini mwigizaji hawezi kukimbilia kwenye picha nyingine mchana halafu arudi jioni akiwa amechelewa na kichwa kinamuuma, kama ilivyokuwa desturi ya Bombay. Amefungiwa mlimani pamoja nawe. Na mlima wenyewe unafanya kazi bila mshahara. Mahabaleshwar hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wake kule Bombay ungelazimika kuununua kwa mashine. Miji kama hiyo, wapenzi wa fungate wakishaondoka na mvua ikaanza, vyumba hubaki vitupu na bei hushuka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini picha za kutisha za Kihindi zinapenda hoteli iliyojitenga, namjibu kwamba hoteli ilikuwa ni bajeti kwanza. Hofu ilikuja kupanga chumba baadaye.

Lakini ilipofika ilikuta mambo yamekwisha kuandaliwa. Fikiria nyumba ya ukoo: wote mnajuana, babu alimkosea nani, shangazi hapatani na nani. Hotelini hamjuani. Watu wanane wanakula meza moja na hakuna anayejua jina la kweli la mwenzake. Kuna daftari la wageni, na nyinyi watu wa Dar es Salaam sina haja ya kuwaeleza daftari la gesti. Hakuna kitabu nchini chenye uongo mwingi kama kile. Ukikisoma utadhani nusu ya wanaume wa Tanzania wanaitwa Juma na wote wanatoka Morogoro. Mwandishi wa filamu ya siri akipewa daftari hilo amepewa nusu ya skripti. Kuna milango yenye namba. Kuna mtu mmoja mwenye funguo zote. Kuna mhudumu anayetabasamu kuliko inavyostahili. Na kuna sababu halali ya mgeni kubisha hodi usiku wa manane akiwa amelowa: gari limeharibika, daraja limechukuliwa na maji, taa pekee inayoonekana ni hii yenu.

Wahindi walikuwa wamekwisha kuuonja mchezo huu kabla ya akina Ramsay. Gumnaam ya mwaka 1965 inawashusha watu kutoka kwenye ndege, inawaacha mahali pasipo mtu, na kwenye jumba kubwa wanamkuta mtumishi, anayeigizwa na Mehmood, kama mtu aliyekuwa akiwangoja siku zote. Ile haikuwa picha ya bei rahisi hata kidogo. Na maisha yenyewe yalitangulia sinema. Mussoorie, kaskazini, kuna hoteli ya Savoy iliyofunguliwa mwaka 1902, zama za Waingereza waliokuwa wakipanda milimani kukimbia joto. Mwaka 1911 mgeni mmoja, Frances Garnett-Orme, alikutwa chumbani mwake amekufa kwa sumu. Mwanamke aliyekuwa mwenzake wa safari alishitakiwa, akaachiwa. Mpaka leo husimuliwa kwamba kisa hicho ndicho kilichompa Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, wazo la riwaya yake ya kwanza, na mizuka ya Savoy imepata wateja zaidi kuliko vyumba vyake.

Sisi nasi tuna Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zetu. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapwa mwaka 1960, unaanza na mzimu na kuishia kwa mtu mwenye sababu zake; ndiyo njia ya upelelezi. Filamu za Kihindi za bei ya chini hazipendi kuchagua. Zinakupa mwuaji wa kibinadamu anayejifunika shuka jeupe ili kuwatisha warithi, kisha, unapopumua, zinakupa mfu wa kweli ambaye amekasirika kwamba mtu anamuigiza. Wapenzi wa upelelezi huona huo ni wizi. Mimi huona ni ukarimu: umelipia tiketi moja, umepata majibu mawili.

Sasa yule kaka wa deki na neno lake.

Mwaka 1980 akina Ramsay walitoa Guest House. Mgeni anauawa kwa ajili ya mali aliyokuja nayo, na mkono wake uliokatwa unarudi peke yake, unatambaa. Ukiutazama leo utacheka, maana unaona kabisa kuna mtu mzima chini ya meza. Lakini acha mkono, tazama kosa. Wahindi wana msemo wa Kisanskriti kutoka kwenye maandiko yao ya kale, Upanishadi, Atithi Devo Bhava, mgeni kwako awe mungu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika picha hii mwenyeji ameamua kupona kwa njia ya mkato. Amemwona mgeni, ameona pete, ameona usiku. Kinachorudi baada ya hapo hakina uovu wa asili, wala hakikuletwa na mchawi wa mbali. Ni ankara. Hotelini, mtu anaondoka baada ya kulipa. Hapa amelipa mgeni kwa uhai wake, na mkono umekuja kuchukua chenji.

Mwaka mmoja baadaye ikaja hii tutakayoitazama. Nitakayoyasema yako kwenye kava la mkanda, kwa hiyo ahadi yangu iko salama. Wajenzi wanataka kiwanja kilimani. Kiwanja kizuri kuliko vyote ni makaburi ya Wakristo. Padri anadanganywa, wafu wanaondolewa, hoteli inasimama. Wamarekani walitupa Poltergeist yao, yenye wajenzi waliohamisha mawe ya makaburi na kuwaacha wafu chini, mwaka 1982. Hotel ilikuwa imetangulia kwa mwaka. Na Stanley Kubrick ndiyo kwanza alikuwa ameitoa The Shining, mwaka 1980, hoteli yake ya mlimani ameijengesha ndani ya studio Uingereza na kuipiga kwa muda ambao akina Ramsay wangemaliza picha tano au sita. Ile ya Kubrick ni kazi bora, sibishani. Ila hoteli yake haina mdai. Ina wazimu unaozunguka wenyewe. Hotel ina hatimiliki. Ina sahihi iliyopatikana kwa hila. Ina watu ambao wanakaa mapokezi wakihesabu faida, na chini ya sakafu kuna wengine ambao hawakuulizwa.

Nchi hii tuna sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969. Barabara ikipita, kuna tangazo, kuna fidia, kuna kuzika upya. Mmeona wenyewe foleni za ndugu wanaokuja kusimama pembeni na leso puani, wakihakikisha ni babu yao na si wa jirani. Kwa hiyo mtazamaji wa Kitanzania hahitaji kuamini mizuka ili aogope picha hii. Inatosha awe amewahi kuwa na kesi ya kiwanja.

Katika waigizaji mtamwona Navin Nischol, na mtamwona Rakesh Roshan, baba yake Hrithik, kabla hajawa mwongozaji wa filamu ya Karan Arjun. Wakubwa wa Bombay walizikwepa picha hizi. Akina Ramsay waliwachukua waliokuwa wakipanda na waliokuwa wakishuka, wakakutana nao katikati ya ngazi, pale ambapo bei ni nafuu. Baadaye hata hao hawakuwahitaji. Purana Mandir ya mwaka 1984, iliyowapa pesa kuliko zote, nyota wake halisi ni Anirudh Agarwal, mhandisi kwa elimu, mtu mrefu mwenye uso ambao haukuhitaji barakoa kubwa. Alicheza Saamri, zimwi la picha hiyo, na watu wa miji midogo walijaza kumbi kwa ajili yake.

Niwape jambo moja la pembeni, maana linatuhusu. Walipochoka na nyumba za wageni, akina Ramsay walitumia kasri la Nawabu, yaani mtawala, pale Murud, kusini mwa Bombay. Mbele yake, baharini, kuna ngome ya Janjira. Mabwana wa Janjira walikuwa Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wa upande wa Habeshi, waliotawala kijisehemu kile cha pwani kwa karne kadhaa mpaka India ilipokuwa huru. Wamaratha walijaribu mara nyingi kuichukua ngome wakashindwa. Yaani lile jumba lenye utando wa buibui, ambalo tulilitazama mkekani tukijifunika kanga za mama, lilijengwa na jamaa zetu wa mbali. Hakuna filamu hata moja niliyoiona kati ya hizo iliyojishughulisha kuuliza nyumba ni ya nani. Walihitaji ngazi na popo.

Sitaki kuzisifu kupita kiasi. Zina mambo ambayo siku hizi yananikera, na mengine yalinikera hata zamani. Wanawake huogeshwa kwenye maporomoko kila mkaguzi wa filamu anapogeuza shingo. Cheti cha watu wazima, kile cha A, walikipata kwa damu na kwa shati lililolowa sawasawa. Watu wa misituni hawana kazi ila kupiga ngoma na kuchinja kuku. Vichekesho vinaingia bila hodi: ndani ya Purana Mandir kuna kejeli ndefu ya Sholay, filamu maarufu ya Kihindi, ambayo ukiikata hakuna atakayejua. Na padri, au mganga, au mchungaji wa hekalu hufika dakika ya mwisho na msalaba au mkuki wa Shiva, jambo linaisha, kana kwamba deni lilikuwa la dini na si la wenye hoteli.

Baadaye? Televisheni iliwachukua. Mwaka 1993 walianza The Zee Horror Show, na watu wakaogopea sebuleni. Sinema zenye kumbi ndogo ndogo na viti vya starehe hazikuwa na nafasi ya Saamri. Wenye bajeti ndogo kuliko yao waliendelea kupiga picha kwenye mabangaloo ya kupanga, nyingi zikiwa ni vipande vya picha za nyuma vimeshonwa upya. Ragini MMS ya mwaka 2011 ilifufua hesabu ya zamani: nyumba moja, watu wawili, kamera zilizofichwa. Kisha Horror Story, 2013: vijana wanaamua kulala usiku mmoja kwenye hoteli iliyoachwa, ambayo zamani palikuwa pa wagonjwa wa akili. Korido zimeng'aa, sauti imetengenezwa vizuri mno. Mimi niliitazama hadi mwisho bila kuinua miguu sakafuni. Wale vijana hawakumdhulumu mtu. Wameingia kwa kubishana tu. Mfu anawafuata wasio na deni lake, na mfu wa namna hiyo ni ajali ya barabarani. Unasikitika, unaendelea na safari.

Nasema haya kwa sababu wengi wenu hapa mnatengeneza filamu, na najua lokesheni yenu ya kawaida ni nyumba ya kupanga Mbezi yenye masofa ya plastiki bado hayajabanduliwa. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta miaka ya elfu mbili, watu walijaa kwenye vibanda kutazama, bila fedha ya studio wala kompyuta ya maana. Mnaniuliza kila siku mtapata wapi damu nzuri, mtapata wapi lenzi. Mimi nawauliza: gesti yenu imejengwa kwenye kiwanja cha nani? Mhasibu anajua nini? Yule mama anayefua mashuka, alikuwa akiishi wapi kabla hapajajengwa? Akina Ramsay hawakuwa wanafalsafa, wangecheka wakinisikia. Walihitaji sababu ya maiti kuinuka, na sababu rahisi kuliko zote, isiyohitaji mapambo wala mavazi, ni mtu kudhulumiwa.

Naona fundi ananionyesha saa. Neno la mwisho, na ni la kazi. Leo msihangaike kutazama nyuso za maiti, hazikutengenezwa zitazamwe kwa ukubwa huu. Tazameni korido. Picha itatuambia hoteli ina ghorofa na mabawa na vyumba vingi. Hesabuni korido ni ngapi kweli: angalieni taa za ukutani, mikunjo ya zulia, namba za milango zilizobandikwa na kubanduliwa. Mwenye hesabu yake aniletee wakati wa mapumziko, tulinganishe. Fundi, zima.